Mpira Anao, Ripoti Ziko Wapi?

Juzi mpwa wangu alinipigia simu akilia, amesimama nje ya geti la shule yake. Alikuwa amekwenda kuomba ripoti za kidato cha pili na cha tatu. Mkuu wa masomo alifungua kitabu cha alama, akamwonyesha jina lake, na mbele ya jina mistari mitupu. Mihula ile alikuwa kambini na timu ya mpira wa kikapu ya shule. Mitihani ilimpita, hakuna aliyemrudishia, na hakuna aliyetuambia.

Anayezitaka ripoti hizo ni kocha wa chuo kikuu kimoja huko Marekani. Ameziona video za binti yetu na yuko tayari kumpigania apate ufadhili kamili: karo, chumba, chakula na vitabu. Lakini NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, hairidhiki na cheti cha UNEB, baraza letu la mitihani la Uganda, peke yake. Inataka rekodi za darasani kuanzia mwaka wa tisa wa masomo, na kwetu mwaka wa tisa ndio kidato cha pili. Kucheza daraja la kwanza la mashindano ya vyuo kunahitaji masomo 16 ya msingi na wastani wa alama usiopungua 2.3 kwenye kipimo cha 4.0. Huyu mwenye miaka miwili mitupu watamkokotolea nini?

Nimekasirika, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Nakumbuka siku walipokuja kumchukua. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu kuliko mama yake, anacheza kwenye kiwanja cha saruji karibu na kambi ya polisi Naguru, kikapu chenyewe hakina wavu. Mwalimu wa michezo aliketi sebuleni kwa dada akasema, "Mama, tupe mtoto tu. Karo tuachie sisi." Dada alipiga magoti akashukuru. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale na nilishukuru pia. Nilidhani basari maana yake ni kusoma.

Kumbe alipelekwa kucheza. Kabla ya jua kuchomoza yuko uwanjani, jioni yuko uwanjani. Yakikaribia mashindano ya USSSA, yale ya shule za sekondari za Uganda, darasa linasahaulika kabisa, na timu ikifuzu kwenda FEASSSA, mashindano ya shule za Afrika Mashariki, basi wiki nyingine zinakwenda hivyo hivyo. Akirudi, wenzake wako mbali, na hakuna mwalimu wa kukaa naye hata saa moja. Mwalimu wa hesabu alikuwa akimwita kwa namba ya jezi. Aliniambia hilo akicheka, alipokuwa kidato cha tatu, na mimi nikacheka naye. Siku hiyo ndiyo ningepaswa kupanda boda niende shuleni kuuliza.

Kombe liko ofisini kwa mwalimu mkuu. Picha ya binti iko kwenye bango la shule, anarukia mpira, vidole vimepita ukingo wa kikapu. Kama waliweza kumtafutia mpiga picha, waliweza kumtafutia mwalimu wa kumrudishia mtihani.

Wapo watakaoniambia kwamba bila basari ile asingefika hata kidato cha nne. Ni kweli. Mshahara wa dada ninaujua. Ila shule iliyomchukua mtoto kwa ahadi ya elimu inadaiwa elimu hiyo, hata kama haikulipwa shilingi.

Mambo mengine nayataja kwa haraka. Sharti la SAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya Marekani, ambalo mawakala wanawatishia nalo wazazi, NCAA ililiondoa Januari 2023, ingawa baadhi ya vyuo bado huudai mtihani huo. Wakala anayetaka asilimia ya ufadhili mwambieni aende zake, maana NCAA imekataza malipo ya namna hiyo na anayeumia ni mchezaji. Ada ya SEVIS, ya kusajili mwanafunzi wa kigeni kabla ya kuomba viza ya Marekani, pekee ni dola 350, ianzeni kuiweka mapema.

Na msiniambie kwamba safari hii ni ndoto za watoto. Jane Asinde alichezea viwanja hivi hivi vya Kampala kabla ya kwenda Texas kuichezea UTEP, chuo kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Mwaka 2021 kule Kigali, Silverbacks, timu yetu ya taifa ya kikapu ya wanaume, walipoichapa Nigeria 80 kwa 68 na kuingia robo fainali ya AfroBasket, kombe la kikapu la Afrika, nilipiga kelele mpaka jirani akaja kugonga mlango kuuliza nani amekufa. Kwenye timu ile alikuwamo Ishmail Wainright, aliyelelewa kimpira na chuo cha Baylor huko Marekani. Tulishangilia matunda ya vyuo vile usiku kucha. Huyu wa kwetu naye anaomba njia ya kufika huko.

Walimu wa michezo, nawasihi: mtoto akikosa mtihani kwa ajili ya timu, aufanye wiki anayorudi, alama ziandikwe, na nakala apewe mzazi. Kazi hiyo haihitaji wizara wala bajeti. Wazazi, msingoje kidato cha sita kama sisi. Nendeni muhula huu mkaone jina la mtoto wenu kwenye kitabu kile, mkaone kama mbele yake pana namba.

Kocha ametupa mpaka mwisho wa mwezi. Mwalimu wake wa Kiingereza wa kidato cha tatu amehamia Jinja, na ameniambia kwa simu kwamba madaftari yake ya zamani hajayatupa. Jumamosi tunapanda teksi ya alfajiri kwenda kumwona.