Kitaliana cha mchangani na Kitaliana cha darasani

Ndani ya gari ya 116, Darajani kwenda Nungwi, hapa Unguja, kijana mmoja alimtania mwenziwe aliyepakata daftari la chuo: "Wewe unalipa ada usome Kitaliana? Mimi nimelipwa mpaka nikakijua." Gari nzima ikacheka, na mimi nikiwamo. Kejeli ile ina ukweli, na anayetaka kulitetea darasa aanze kwa kuukubali.

Papasi, yaani kijana anayewauzia watalii safari ufukweni Kiwengwa au Kendwa, anakiokota Kitaliana kwa masikio. Misimu miwili haijesha, anauza safari ya kisiwa cha Mnemba, anapatana bei, anachekesha. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wakati huo bado anahesabu kwa vidole akinyambua essere na avere, vitenzi vya "kuwa" na "kuwa na". Tena soko halina mwenyewe. Machi 2020, korona ilipoibana Italia, fukwe zilikauka. Wageni waliporudi, Wapoland walikuwa wengi kuliko tulivyozoea. Papasi akabadilisha salamu, maisha yakaendelea. Aliyeitia miaka mitatu ya shahada katika lugha moja hageuki upesi hivyo. Na meneja wa hoteli, tuseme kweli, haulizi cheti, anamwita mgeni aliye karibu na kusema, "Hebu zungumza naye."

Ila kuna kitu nilikiona kwa macho yangu.

Nilikuwa mapokezi ya hoteli moja ya mwambao wa mashariki, nikimsubiri jamaa yangu. Akaja bibi wa Kitaliana, mvi tupu, akasema kwa sauti ya chini: "Mi aspettavo qualcosa di più." Kijana wa mapokezi, ambaye Kitaliana chake kilikuwa kinatiririka mpaka nikamwonea wivu, akatoka mbio nyuma ya kaunta, akavuta kiti, akakipangusa: "Ciao bella! Aspetta, aspetta!" (Mambo mrembo! Subiri, subiri!) Bibi akamtazama, akatazama kiti, akakaa.

Aspettare ni kusubiri. Aspettarsi, kikiongezwa kile kijineno cha kujirejea, ni kutarajia. Mgeni alikuwa anasema alitarajia zaidi ya alichopewa. Kijana alisikia mtu anayetaka kusubiri. Malalamiko yakapewa kiti.

Na kosa la sarufi ndilo dogo. Kijana yule, nina hakika, hawezi kumpita mzee wa mtaani kwake bila ya shikamoo. Lakini Kitaliana alichofundishwa na mchanga kina neno "tu" peke yake, ambalo kwao ni "wewe" ya marafiki na watoto. "Lei", "wewe" ya heshima, hakuisikia, kwa sababu wageni waliolala juani hawakuwa na haja ya kumwamkia kwayo. Kwa hiyo mtoto wa watu aliyelelewa vizuri anaonekana hana adabu kwa lugha ya pili, naye hajui. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na ndilo wanaokejeli darasa hawalioni: wanapima lugha kwa wepesi wa ulimi, wakati bibi yule alikuwa anaipima kwa kitu kingine.

Basi darasa lijibu? Hapa niwe mkali kwa upande ninaoupenda. Chuo kinachowafunza lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria Kitaliano kwa saa kama 600 za darasani hadi mtu akitumie kazini bila ya kukwama. Sisi tuchukue somo la kawaida la chuo, saa tatu kwa wiki, wiki 15: saa 45 kwa muhula. Mihula sita ya shahada ni saa 270. Haifiki hata nusu! Kuzifikia 600 unahitaji mihula 13 na ushei, karibu miaka saba, bibi wa watu yuko kitini anasubiri. Katika zile ngazi sita za Ulaya za kupimia lugha, kutoka A1 ya chini hadi C2 ya juu, wengi wetu tunashukia A2, ya pili kutoka chini, pale pale papasi alipo, tofauti ni kwamba yeye hakulipa. Ndiyo maana kejeli ya kwenye gari inauma.

Hesabu ile, hata hivyo, ni ya anayeanzia Kiingereza. Sisi hatuanzii hapo. Msamiati wa Kilatini hatuna, hilo litatugharimu. Lakini irabu zetu tano zinatosha kueleweka, na maneno yetu yanaishia kwa irabu kama yao. Wao husema ho vent'anni, "nina miaka 20", neno kwa neno kama sisi. Mwingereza ndiye asemaye "yeye ni" miaka 20. (Angalieni tu n mbili za anni. Ukiitia moja unataja kiungo kisichotajwa mbele ya wageni.) Mtu aliyezoea ngeli hababaishwi na jinsi mbili za majina ya Kitaliana, ya kiume na ya kike. Hata se avessi saputo, sarei venuto, inayowatoa jasho wengi, ni "ningalijua, ningalikuja"; sisi tunarudia -ngali- pande zote mbili, wao hubadili umbo la kitenzi kila upande. Mwalimu akiyafundisha haya kwa Kiswahili ni somo la asubuhi moja. Tunayapitisha kwenye kitabu cha Kiingereza, tunapotea mara mbili.

Na huko kwenye ngazi za juu ndiko kuliko na mengine zaidi ya utalii. Anayetaka shahada Italia kwa lugha yao huhitaji B2, ngazi ya nne, kwa kawaida. Pemba, pale Wawi, maabara ya afya ya jamii yenye jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea wa Kitaliano, ipo tangu 2000. Uhusiano wetu na watu hawa haukuanzia kwenye kitanda cha ufukweni wala hauishii hapo.

Kwa hiyo mimi nasema Kitaliana kisomwe chuoni, tena mpaka juu, lakini A1 isiwe ndiyo kazi kubwa ya chuo. Papasi apewe mtihani wa kuzungumza, akipita aingie ngazi ya tatu moja kwa moja, akae na yule mwenye daftari. Huyu ana masikio, yule ana sarufi. Na wasome masika, Aprili na Mei, mvua inanyesha, hoteli nyingi zimefungwa na vijana wako barazani wanacheza karata. Saa nne kwa siku, siku tano, wiki nane: saa 160. Ni zaidi ya mihula mitatu ya sasa, na hoteli zikifunguliwa Juni kijana anarudi kaunta.