Godoro la Mjomba

Mke wangu ana msimamo kuhusu samaki: mahali pao ni sufuriani, na wakisubiri zamu wakae kwenye friji. Nilipomwambia nataka kufuga samaki ndani ya kioo, wa kuangalia tu, alinitazama kwa huruma, akauliza kama kazini kuna tatizo.

Si yeye peke yake. Hapa Kigoma ukishuka Kibirizi asubuhi unakuta dagaa wameanikwa, migebuka inapangwa kwenye matenga, na harufu inakusindikiza mpaka nyumbani. Mtu anayelisha samaki badala ya samaki kumlisha yeye, lazima aeleze. Jirani mmoja aliuliza nitawavua wakifika uzito gani. Nilipomwambia ni samaki wa urefu wa kidole, na hawakui zaidi ya hapo, akasema, "Pole."

Kumbe wenzetu wa Ujerumani na Marekani wanawalilia hao hao. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani, na samaki wa jamii ya sikilidi peke yao wamo aina kama 250, karibu wote hawapatikani ziwa jingine lolote. Yupo frontosa wa kwetu mwenye mistari saba. Mfugaji wa Ulaya akiihesabu hiyo mistari anakwambia huyu ni wa Kigoma. Na mfugaji huyo huyo anachanganya chumvi na magadi kwenye maji ya bomba, anapima, anaongeza, ili yawe magumu na pH, kile kipimo cha uchachu wa maji, isogee 9 kama ya ziwani. Mimi nachota kwa ndoo. Sasa mtu mwenye bahati hiyo akae bure?

Tangi la dukani sikulihangaikia. Fundi vioo mmoja wa Mwanga, hapa hapa mjini, alikuwa na vipande vya kabati la duka lililovunjwa, akanikatia sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Hiyo ni lita 54, yaani kilo 54 za maji kabla hujatia hata jiwe, kwa hiyo meza ya plastiki isahau. Silikoni ya kuunganishia nayo isome mgongoni kabla ya kulipa: ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu inaua samaki. Unataka ile tupu, inayonuka siki ikiwa mbichi. Ipe siku mbili ikauke, halafu jaza maji ukiwa uani, siyo juu ya zulia la watu. Mawe nayo yanapimwa kwa siki. Dondoshea tone, likitoa povu, jiwe lina chokaa, na chokaa inayaongezea maji ugumu. Samaki wa mito wanaichukia, wa kwetu wanaifurahia.

Nilichojivunia zaidi kilikuwa chujio. Samaki naye anakwenda haja, na uchafu wake unatoa amonia, ambayo ni sumu. Ndani ya sponji wanaota bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti, ambayo samaki anaivumilia mpaka ubadilishe maji. Sponji la chujio linauzwa mbali. Sponji la godoro lipo chumba cha wageni. Nilikata kona ya miguuni, kipande cha mraba, godoro nikaligeuzia ukutani. Katikati ya sponji nikapitisha bomba fupi, na ndani ya bomba nikashusha mpira wa hewa: mapovu yakipanda yanavuta maji kupitia sponji, basi, chujio hilo. Na mpira wa hewa haununuliwi. Unakwenda duka la dawa unaomba mpira wa dripu. Mwembamba, laini, na unakuja na kile kigurudumu cha kubania, kwa hiyo mapovu unayapunguza na kuyaongeza kama nesi.

Pampu ya hewa niliiweka sakafuni, chini ya meza, ambako haionekani. Video niliyoifuata ilionyesha hivyo hivyo. Yule jamaa wa video, nadhani, anaishi nchi ambayo umeme haukatiki.

Nikasubiri wiki kadhaa sponji lizoee maji, ndipo nikaingiza samaki: wale wadogo wanaoishi ndani ya maganda matupu ya konokono. Ziwani huko maganda hayo yamelala chini kwa mafungu, na kila samaki ana lake. Wangu walipofika walichimba mchanga usiku kucha, asubuhi kila mmoja amezika nyumba yake akaacha mlango tu. Hata mke wangu alikuja kuchungulia, ingawa alidai anatafuta pasi. Tangi alishalikubali, ila likae chumba cha wageni, "maana wageni wenyewe hawakai sana."

Ndipo akaja Mjomba.

Mjomba ni mwalimu mkuu mstaafu wa Tabora, alifundisha sayansi, na mpaka leo akiingia chumbani watu wanachomekea mashati. Nililelewa kwake miaka ya mwanzo ya shule, na niseme tu kwamba nilikuwa kikojozi. Hakuwahi kunichapa kwa hilo. Yeye alinitaka nijitwike godoro mwenyewe, nipite nalo mbele ya nyumba nzima, nilianike upande wa barabarani, saa ile ile wanafunzi wenzangu wanapita kwenda shule. Ningechagua viboko.

Alishuka kwenye treni na dumu la asali, akapokea shikamoo zote, akala, akaonyeshwa chumba. Akasimama mbele ya tangi, mikono nyuma.

"Mjomba, hawa wanaumwa?"

"Hapana, Mjomba, wazima kabisa."

"Dripu ya nini?"

Nikaeleza. Akanisikiliza kama anavyomsikiliza mwanafunzi anayesema daftari limeliwa na mbuzi. Kisha akakataa kitanda, kwamba mgongo wake siku hizi unataka chini, tukashusha godoro sakafuni kando ya meza. Akaliona pengo.

"Panya?"

"Panya, Mjomba."

Akapitisha kidole pale nilipokata. "Panya wa Kigoma wana rula."

Usiku umeme ukakatika.

Sasa sikia kinachotokea. Pampu ikinyamaza, hakuna tena cha kuyazuia maji yasiingie mpirani. Tangi likiwa limejaa karibu na ukingo, kama langu, maji yanapanda kidogo tu na kuvuka, na yakishaanza kuteremka upande wa pili, kule chini ya usawa wa tangi, hakuna wa kuyabembeleza. Yanajivuta yenyewe. Yanapita kwenye pampu, yanatokea sakafuni, na hayasimami mpaka mdomo wa mpira ulioko tangini ubaki hewani. Mdomo wangu nilikuwa nimeushusha vidole vitatu kutoka chini, ili mapovu yawe mengi.

Nilishtushwa na mlango wa uani. Saa kumi usiku, giza totoro. Nikajua mwizi. Nikachukua mchi, nikatoka kwa kunyata, nikaona kitu kipana, cheupe, hakina kichwa, kinatembea kuelekea kamba ya nguo.

"Simama hapo hapo!"

"Punguza sauti," kikasema. "Ni mimi."

"Mjomba? Unafanya nini?"

"Naanika godoro."

Nikashusha mchi. Vyura ndio walioendelea kuongea.

"Ni vile vidonge vya presha," akasema mwishowe. "Daktari alinionya vinakimbiza mkojo."

Na mimi, wallahi, nilimwamini. Nikashika upande mmoja, yeye upande wa pili. Lilikuwa zito ajabu, linachuruzika mpaka kwenye ndala. Nikawa najiuliza mzee mwembamba vile ameyahifadhi wapi yote hayo. Lakini mtu humuulizi mjomba wake swali kama hilo. Nikamwambia asijali, ni mambo ya afya.

Huruma ile ndiyo iliyomlegeza. Tukiwa tumesimama gizani, godoro linadondoka kati yetu, akasema, "Mjomba, nikwambie kitu. Hata mimi utotoni."

"Utotoni vipi?"

"Mpaka darasa la saba."

Nikanyamaza.

"Ndiyo maana nilikukazania. Niliogopa nimekurithisha." Akakohoa. "Mkeo asijue. Apa."

Nikaapa. Nikamwambia akapumzike sebuleni kwenye kochi, mimi nitafuta chumba. Nilikuwa na kicho cha mtu aliyekabidhiwa siri ya ukoo.

Nikawasha tochi ya simu, nikasukuma mlango, mguu ukaingia kwenye maji. Mkeka unaelea. Kiatu kimoja cha Mjomba kimesafiri mpaka chini ya kitanda. Nikamulika juu: tangi limebaki na maji ya vidole vitatu, na mpira wa dripu unaning'inia ukitoa tone la mwisho, halafu lingine la mwisho.

Waya wa ekstensheni ulikuwa umelala kwenye maji hayo hayo, kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote nikakimbilia meini swichi nikaishusha, umeme usije ukarudi ukanikuta nimesimama humo. Halafu samaki. Hawakuonekana. Nikainamisha tochi: kila ganda lina macho mawili mlangoni. Maganda yalikuwa yamezikwa mchangani na bado yamefunikwa na maji, kwa hiyo wenyewe walikuwa majumbani mwao wakisubiri serikali. Uani nilikuwa na ndoo mbili za akiba, maji ya ziwa. Nikayamimina taratibu kwa kikombe kutoka juu, maana maji yakianguka yanabeba hewa, na pampu sasa ilikuwa marehemu. Sponji lilikuwa bado limelowa, bakteria wake wazima.

Nilipomaliza nikakaa kitandani, nikaweka mto mdomoni, nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Kulipopambazuka nikamfuata Mjomba sebuleni, nikamweleza. Siyo vidonge. Ni tangi. Akaniangalia kwa upendo ambao sijawahi kuuona machoni pake.

"Asante, Mjomba. Wewe ni mtoto wa kuzaliwa. Lakini usijisumbue kunisitiri, tulishayamaliza."

"Mjomba, kweli ni tangi!"

"Mungu akubariki."

Ilibidi nimtoe uani. Nikaweka ndoo ya maji juu ya kinu, nikazamisha mpira wa dripu mpaka ukajaa, nikaubana kwa kidole nikaushusha mpaka chini, nikaachia. Maji yakatiririka. Mwalimu wa sayansi akasimama anatazama, miwani ikashuka puani. Kisha akaenda kwenye kamba, akainamia godoro, akanusa. Akanusa tena, upande wa pengo.

"Linanuka ziwa," akasema.

"Ndiyo, Mjomba."

"Kwa hiyo vidonge havina kosa."

"Havina."

Akakaa kimya kitambo. "Na yale mengine niliyokwambia usiku?"

"Yapi, Mjomba?"

"Vizuri."

Kisha somo likaanza. Akachukua kijiti akachora tangi kwenye mchanga, akachora mpira, akachora pampu, akaniuliza maswali kwa sauti ya darasani huku watoto wangu wakitoka mmoja mmoja kushuhudia. Pampu inakaa wapi? Juu ya usawa wa maji. Juu gani? Kwenye rafu, Mjomba. Na kama rafu haipo? Unatia kwenye mpira vali inayopitisha hewa upande mmoja tu. Na waya wa umeme? Unaachwa uning'inie chini ya soketi kwanza ndipo upande, tone likishuka lisifuate waya mpaka kwenye soketi. Nilipata zote. Hakunipa hata vema.

Ni wakati huo mama jirani aliposimama upande wa pili wa michongoma, kanga begani, akaliangalia godoro kwenye kamba. Godoro lina baka pana, la manjano, lenye kingo za kahawia, maana maji ya sakafuni yaliokota vumbi lote la chini ya kitanda.

"Jamani, poleni. Mtoto gani tena?"

Nikafungua mdomo. Mjomba akaniwahi, hakupepesa hata jicho.

"Siyo mtoto, mwanangu. Ni huyu baba yao. Nilimlea mwenyewe Tabora, hilo tatizo lake namjua nalo tangu mdogo."

Nikamgeukia. Akanitazama usoni, na kwa mdomo usiotoa sauti akasema: uliapa.

Mama jirani akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. Akasogea karibu na ua, akashusha sauti, ingawa si sana. "Ujiji kuna mzee anatoa dawa yake. Unakunywa na uji."

"Mwelekeze vizuri," Mjomba akasema. "Ngoja nitafute kalamu."