Tatizo halikuwa kichwa chake

Jumamosi kijana mmoja ninayemfundisha jioni alinirudishia bodi ikiwa imeviringishwa kwenye gazeti. "Shikamoo mwalimu. Nimeshindwa. Haya mambo kichwa changu hakiyawezi." Alikuwa amekesha nayo usiku nne. Huyu ni kijana anayefungua redio mbovu akaifunga ikiwa inaimba, na nilimwamini kabisa aliposema amejaribu kila kitu.

Alikuwa anafanya kile tunachoanza nacho sote: mfano wa kibodi ya USB, yaani programu fupi ya kujifunzia, uliokuja na maktaba ya programu. Unaukompaili (unaugeuza kuwa lugha ya mashine), unaupakia kwenye Blue Pill, bodi ndogo yenye chipu inayoprogramiwa, unachomeka, kompyuta inajiandikia herufi a. Fimwea yake, yaani programu inayokaa ndani ya chipu, ilikompaili bila onyo hata moja. Waya aliubadilisha mara tatu, kwa sababu anajua nyingi zinazouzwa mitaani ni za chaji tu. Na kila mara dmesg, orodha ya ujumbe wa mfumo wa Linux kwenye kompyuta yake, ilimrudishia kosa lilelile, -71, yaani mawasiliano yameharibika, hadi Linux ikaacha kujaribu.

Niliichomeka kwenye kompyuta yangu. Herufi zikatoka, aaaaa, mstari mzima. Hapo ndipo damu iliponichemka, maana nilijua papo hapo ni nini, na nilijua kwamba hakuna mahali popote kwenye ule mfano ambapo angeweza kukijua.

Kifaa cha USB cha kasi ya megabiti 12 hujitangaza kwa kuvuta waya wa D+, mmoja wa nyaya mbili za data, kwenda volti 3.3 kupitia rezista ya ohm 1,500. Upande wa kompyuta kuna ohm 15,000 zinazouvuta chini. Gawanya volti 3.3 kati ya rezista hizo mbili: waya unabaki na volti 3, safi. Sasa Blue Pill nyingi zilitoka kiwandani rezista hiyo ya kuvuta juu, iliyoandikwa R10, ikiwa ya ohm 10,000. Gawanya tena: volti 1.98. Kiwango cha kuhesabiwa kuwa juu ni volti 2. Niliweka mita kwenye PA12, pini ya D+ kwenye bodi, na namba ikanitazama palepale ukingoni. Kompyuta yangu inavumilia, yake haivumilii. Kijana amekesha usiku nne akisoma msimbo wa programu usio na kosa, akitafuta ndani ya programu jambo lililokuwa kwenye kipande cha kauri kidogo kuliko punje ya mchele.

Ninachodai ni hiki: mfano wa USB usiokuonyesha unavyoshindwa haujakamilika. Mfano wa kuwasha taa unaweza kwenda bila maelezo, taa isipowaka unaanza na waya wa taa. USB haiko hivyo. Ni mazungumzo, na kompyuta ndiyo inayouliza. Inauliza deskripta ya kifaa, yaani maelezo mafupi ya kifaa ni nini, baiti 18. Inakupa anwani. Inauliza tena. Inaomba baiti 9 za kwanza za deskripta ya usanidi ili ijue jumla ya baiti zake, kisha inaziomba zote. Ukikosea popote katika mlolongo huo, anayeanza anaona kitu kimoja tu: hakuna kilichotokea. Kimya cha rezista mbaya, kimya cha saa ya chipu (mapigo yanayoipangia kasi) isiyofika megahezi 48 na kimya cha deskripta iliyokatika vyote vinafanana machoni pake. Mwandishi wa mfano anaijua tofauti. Kwa nini asiandike mistari kumi? Ukiona -71, anza na umeme na saa. Ukiona -110, kifaa hakikujibu kwa wakati, angalia kama kitanzi kikuu cha programu yako kimekwama mahali. Usipoona chochote kabisa, pima D+. Na pale kwenye mfano pawe na logi ya UART, yaani kumbukumbu inayotumwa kupitia waya mwingine wa mawasiliano, iliyowashwa tayari, inayochapa kila ombi linaloingia, ili mtu aone mazungumzo yalikatikia wapi.

Mwaka jana mwanafunzi mwingine aliongeza endipointi ya pili, yaani njia nyingine ya data, kwenye mfano kama huohuo. Usanidi wa kibodi ni vipande vinne vya 9 na 9 na 9 na 7, baiti 34. Yeye akafikia 41, lakini namba 34 ilikuwa imeandikwa kwa mkono pale juu bila neno la maelezo. Kompyuta ikaomba 34, ikapewa 34, zile baiti 7 za mwisho hazikutoka kamwe. Siku mbili zilimpotea. Neno sizeof, linaloiachia kompaila ihesabu ukubwa yenyewe, lingemwokoa.

Wengine huweka printf, amri ya kuchapa maandishi, ndani ya intarapti ya USB, sehemu inayokatiza kazi nyingine ili kuijibu USB mara moja, ili waone kinachoendelea. Sentensi ya herufi 50 kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde inakula zaidi ya milisekunde 4, na baada ya kupewa anwani kifaa kina milisekunde 2 tu za kujiweka sawa. Chombo cha kutafuta kosa kinakuwa kosa jipya. Logi iandikwe kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda, ichapwe nje ya intarapti. Hilo nalo mfano ungelionyesha.

Nakubali, wanaoandika maktaba hizi wengi wanajitolea. Nakubali pia kwamba TinyUSB, mojawapo ya maktaba hizo, ina CFG_TUSB_DEBUG, swichi ya kuonyesha logi, na ukiiweka 2 utaona mengi. Lakini kwenye mifano inakuja ikiwa 0, na anayeanza hajui hata kwamba ipo. Na ndiyo, RP2040, chipu ya aina nyingine, ina rezista yake ndani ya chipu, unaburuta faili la programu (UF2) na kazi imekwisha. Lakini bodi iliyopo mezani kwa kijana wangu ni ile aliyomudu kuinunua, na ana haki ya kujifunzia hiyohiyo.

Jumatatu nilimwita. Nikampa mita kwanza, apime mwenyewe, agawanye mwenyewe kwenye karatasi. Kisha tukatafuta rezista ya ohm 1,800, akaichomelea kati ya PA12 na 3.3, kwa sababu ikikaa sambamba na ile ya 10,000 unapata karibu 1,525. Mkono wake haukutetemeka. Akachomeka kwenye kompyuta yake, na herufi a zikaanza kujipanga kwenye ukurasa mtupu. Aliziangalia muda mrefu bila kusema kitu. Halafu akachomoa, akaibandua rezista, akachomeka tena, na akasubiri -71 irudi.