Bei nafuu au ushauri wa kweli: nini humrudisha mkulima dukani Nakuru?

Msimu wa kupanda ukikaribia, maduka ya pembejeo mjini Nakuru, Kenya, hujaa wakulima kutoka Bahati, Njoro, Rongai na Subukia. Maduka yenyewe yamepangana ukuta kwa ukuta, na mbegu na dawa yanazouza ni zilezile. Lakini utakuta duka moja limefurika watu, na la jirani muuzaji amekaa tu akitazama barabara. Wengi watakwambia siri ni huduma nzuri. Wafanyabiashara wengine wanalipinga hilo waziwazi: mkulima hafuati ukarimu, anafuata bei.

Wanaotetea bei hawasemi ovyo. Mwaka 2023 serikali iliposhusha mbolea ya ruzuku hadi shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50, wakulima walipanga foleni kwenye maghala ya NCPB, bodi ya serikali ya nafaka, wakavumilia kusubiri na usumbufu wote. Mtu mwenye ekari mbili na karo ya watoto inayomngoja hawezi kuipuuza nafuu hiyo. Kumwambia angebaki na duka lake la zamani kwa sababu muuzaji analijua jina lake ni kumkosea heshima.

Tena kuna Nakumatt, msururu wa supamaketi ulioanza kama duka la magodoro papa hapa Nakuru. Ilikuwa na kadi za pointi na matawi yasiyofungwa usiku kucha, na watu waliipenda kwelikweli. Madeni yalipozidi na wasambazaji wakaacha kuleta bidhaa mwaka 2017, rafu zilibaki tupu na wateja wakaenda kwingine. Tabasamu halijazi rafu.

Hata hivyo, naegemea upande wa huduma, mradi tuelewane huduma ni nini. Katika duka moja la mjini nilimwona mzee akifungua kipande cha gazeti chenye jani la mhindi lililotobolewatobolewa. Alitaka chupa kubwa ya dawa. Muuzaji aliligeuza jani, akauliza mahindi yamefika urefu gani na shamba ni ukubwa gani, kisha akamwambia: "Mzee, hawa ni viwavijeshi. Chupa ndogo inakutosha. Piga jioni, na uielekeze dawa pale katikati majani yanapochipuka, ndimo wanamojificha." Duka lilipoteza mia kadhaa palepale. Lakini mwaka ujao mzee huyo akihitaji mbegu, ataanzia wapi?

Ushauri wa namna hii una thamani kubwa zaidi mahali ambapo mnunuzi hawezi kuikagua bidhaa kwa macho. Mwaka 2024 ilibainika kuwa mbolea bandia ilikuwa imewafikia wakulima kupitia mpango uleule wa ruzuku, na serikali ikaahidi kuwafidia. Fidia haiurudishi msimu. Muuzaji anayemwonyesha mteja jinsi ya kukwaruza kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, kwenye pakiti ya mbegu na kuituma namba kwa ujumbe mfupi ili ajue kama ni halisi, kabla hajalipa, anampa kitu ambacho punguzo la shilingi 50 haliwezi kumpa.

Kuna pia daftari la mikopo, ambalo wengi hulihesabu kama huduma. Sikubaliani nao moja kwa moja. Mkulima anayerudi kwa sababu anadaiwa amefungwa kamba, na siku atakayomaliza deni ndipo utajua kama alikuwa mteja wako.

Kipimo kikali zaidi ni siku ya malalamiko. Maduka mengi yamebandika ukutani "Bidhaa zikiuzwa hazirudishwi", ilhali Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Mbegu zisipoota, huenda kosa si la duka. Lakini mwenye duka anayetoa risiti yenye namba ya mbegu, akampigia msambazaji simu mkulima akiwa amesimama pale, hasahauliki kijijini.

Tatizo ni kwamba mwenye duka mara nyingi hayupo. Kaunta huachiwa kijana anayelipwa kidogo, asiyefundishwa kutofautisha dawa ya ukungu na ya wadudu, na mwezi ujao ataacha kazi. Fedha zinazotumiwa kuchapisha kalenda na fulana za wateja zingeongezwa kwenye mshahara wake na mafunzo yake, ili abaki hapo misimu kadhaa na kuwajua wakulima na mashamba yao.