Mikono ya wanaume kwenye turubai

Mnadani Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma, vijana wawili walinipita wameshikana vidole vidogo, fimbo begani, wanakwenda kuangalia mbuzi. Hakuna aliyegeuka. Kwetu huo ni urafiki tu. Mimi nilikuwa nasubiri nyama, na kwenye simu nilikuwa nimefungua mchoro wa Salman Toor uitwao Four Friends, wa mwaka 2019: chumba kidogo cha rangi ya kijani, wanaume wawili wembamba wanacheza muziki, wengine wawili wako kwenye kochi na simu yao. Toor alizaliwa Lahore, Pakistan, mwaka 1983, anaishi New York, na hafichi kwamba anawapenda wanaume. Mwishoni mwa 2020 jumba la sanaa la Whitney la mjini humo lilimfanyia maonyesho yake peke yake.

Wanaoipinga michoro ya aina hii wana hoja mbili, na hazilingani uzito. Ya kwanza ni dini na sheria. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kinachokataza kujamiiana kinyume na maumbile, kinafika hadi kifungo cha maisha, na hakishuki chini ya miaka 30. Lakini kifungu hicho kinahusu tendo, na wanaume wa Toor wanacheza muziki sebuleni.

Hoja ya pili ndiyo inayoniumiza, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Wanasema picha hizi zinakuja na macho yake. Ukishazizoea, kidole kilichoshikwa mnadani hakibaki kidole, kinageuka swali. Nimeona vijana wa mjini wakiachiana mikono ghafla kamera ya simu inapoinuliwa. Kitu tulichokuwa nacho bila kukipa jina kinapotea kwa kupewa jina.

Hata hivyo, sikubali kwamba mchoraji ndiye aliyekipoteza. Tazama sanaa yenyewe ilivyomlea mwanaume. Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walijaza kuta kwa wanaume walio uchi, wamekumbatiana kifua kwa kifua, ilimradi wanapigana au mmoja anakufa. Mkono wa mwanaume uliruhusiwa kumgusa mwenzake ukiwa na upanga. Toor na wenzake, kama Louis Fratino wa Marekani, wameutoa upanga, wakabakiza mkono. Mwanaume wao amechoka, anamwegemea mwenzake. Huo udhaifu, nadhani, unawatisha watu kuliko mapenzi yenyewe, maana mwanaume tuliyefundishwa haegemei mtu.

Na tusiseme ni mambo ya ng'ambo tu. Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, alichora Kampala Suburb mwaka 2014, wanaume wawili wakibusiana, mwaka uleule Uganda ilipotia saini sheria kali dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Hachorei turubai ya dukani. Anachorea lubugo, nguo ya gome la mti ambayo Waganda huzikia wafu wao. Gome hilo lina matundu na mishono, na rangi inalazimika kuyafuata. Kuwaweka wapenzi hao juu ya kitambaa cha maziko ni kusema kwamba nao wana ukoo na watakaowalilia. Anayepinga ana haki ya kupinga, ila amjibu Armitage kwa hilo, asimwambie ameiga Wazungu.

Sisi wenyewe tunavyo vinyago vya Kimakonde vya ujamaa, miili imepandana, mikono imeshika viuno na mabega, mtindo unaosimuliwa kuwa ulianza kwa kinyago cha mshindi wa mieleka aliyebebwa na wenzake. Tunaviweka ofisini kwa fahari. Mpingo umeturuhusu kuona wanaume wakibebana. Rangi bado.

Nina rafiki anayechora mabango na milango ya maduka hapa mjini. Nilimsimulia wale vijana wa Msalato, nikamwomba anichoree. Alikubali mara moja, akachukua kalamu, akawachora vizuri sana, fimbo, mashuka, vumbi miguuni. Katikati yao akaweka mbuzi. Nikamwambia hapakuwa na mbuzi, walikuwa wameshikana vidole.

"Najua," alisema. "Siku hizi watu wanaangalia mikono."