Kiti Wazi Minnesota, Kiti Wazi Banissa

Mbunge wa Banissa, kaunti ya Mandera, alifariki Machi 2023. Watu wake walikuja kumchagua mwingine Novemba 27, 2025. Huku Minnesota, Melissa Hortman, mwakilishi wa eneo la 34B katika bunge la jimbo, aliuawa Juni 14, 2025, na Septemba 16 wapiga kura wake walikuwa vituoni kumchagua mrithi. Siku 94, na humo humo mchujo wa chama ukapita, Agosti 12.

Ukizitazama tarehe hizo utadhani Wamarekani wana sheria kali kutushinda. Si kweli. Ibara ya 101 ya Katiba ya Kenya imebana vizuri tu: Spika anaiarifu tume ya uchaguzi, IEBC, ndani ya siku 21, na uchaguzi mdogo unafanyika ndani ya siku 90 tangu kiti kiwe wazi. Tulichokosa ni mtu wa kutia saini. Kuanzia mwanzoni mwa 2023 hadi Julai 2025, IEBC haikuwa na makamishna. Wafanyakazi wa sekretarieti walikuwapo, ila tarehe ya uchaguzi haitangazwi na karani. Viti vikarundikana: Banissa, Magarini, Ugunja, Kasipul na vingine, vyote vikapigiwa kura Alhamisi moja. (Alhamisi hiyo huku ilikuwa sikukuu ya Thanksgiving, watu wako mezani na bata mzinga wao.)

Minnesota haina tume ya kungoja. Gavana hutoa hati ya kuitisha uchaguzi, na kazi yenyewe hufanywa na makarani wa kaunti na miji, ambao wapo kazini mwaka mzima. Kiti kikiwa wazi wakati bunge linakutana, gavana ana siku 5 za kutoa hati, na kura isipite siku 35 baada ya hapo. Seneta mmoja wa bunge la jimbo alijiuzulu Machi 20, 2025. Aprili 29 mrithi wake akachaguliwa. Lakini si Marekani yote iko hivi. Karibu nusu ya majimbo hayapigi kura kabisa kwa kiti cha aina hii, mtu huteuliwa tu. Illinois, kwa mfano, kamati za chama chenye kiti ndizo huchagua.

Na msidhani hati ya gavana haina siasa. Novemba 2024 Wademokrati na Warepublikan walitoka sare kwa wawakilishi, 67 kwa 67. Desemba jaji akaamua kwamba mshindi wa eneo la 40B, upande wa Roseville na Shoreview, hakuwa ameishi humo miezi 6 inayotakiwa. Gavana Tim Walz, Mdemokrati ambaye chama chake ndicho kilichopoteza kiti, akaharakisha hati, kura iwe Januari 28. Mahakama ya Juu ya jimbo ikaifuta: imetoka kabla ya wakati wake, bunge lenyewe halijaanza kikao. Kura ikasogezwa hadi Machi 11. Hesabu ikabaki 67 kwa 66, na akidi ni 68, kwa hiyo Wademokrati wakasusia vikao kwa wiki tatu hivi, na mahakama ikaitwa tena kuamua akidi ni ngapi. Yote hayo kwa sababu ya kiti kimoja kati ya 134. Kwa maoni yangu, kumpa mwanasiasa kalamu ya tarehe ni kosa, ila angalau amewekewa mipaka ya siku na mahakama inamrudisha upesi.

Kinachomshangaza Mkenya zaidi ni kituoni. Milango hufunguliwa saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku, na aliye kwenye foleni saa mbili ikifika atapiga kura. Hakuna kadi ya mpiga kura, hakuna KIEMS ya kusoma alama za vidole, hakuna kidole kwenye wino. Jina likiwa daftarini unalitaja pamoja na anwani, unatia saini, unapewa karatasi. Uliyehama unajiandikisha hapo hapo: leseni yenye anwani mpya, au kitambulisho cha picha pamoja na bili. Huna hata hizo karatasi? Jirani aliyeandikishwa kituo hicho hicho anakula kiapo cha maandishi kwamba unaishi pale. Mtu mmoja anaweza kuwadhamini hadi wanane. Kwetu wanane hao wangeletwa na matatu, na dereva ndiye mdhamini. Huku kudanganya kwenye kiapo hicho ni jinai, na jina na anwani ya mdhamini vimebaki kwenye karatasi.

Kura ya posta ndiyo inayowaponza wengi, hasa katika uchaguzi mdogo, maana muda kati ya mchujo na kura yenyewe ni mfupi. Bahasha ya saini ina nafasi ya shahidi, na watu huiruka. Isitoshe, kura ikifika baada ya saa mbili usiku wa siku ya uchaguzi haihesabiwi, hata muhuri wa posta uwe wa juma lililopita. Zikibaki siku chache, usiitume. Nenda ofisi ya kaunti ukapige kura mapema.

Jambo moja Kenya inawashinda: nyumbani hakuna asiyejua kuna uchaguzi mdogo, na Fomu 35A ya matokeo hubandikwa mlangoni pa kituo, bibi wa kijijini akasoma mwenyewe. Huku mtaa mzima unaweza kuchaguliwa mwakilishi na watu wachache wasiojaza ukumbi wa kanisa, wengine wakajua mwezi ujao.

Na ninyi wenye green card: tangu Oktoba 2023 Minnesota hutoa leseni ya udereva bila kuuliza hali yako ya uhamiaji, na ofisi hizo hizo huandikisha wapiga kura. Ukiona jina lako daftarini, andika barua liondolewe kabla hujaingia kituoni. Kujitambulisha kuwa raia wakati hujawa raia ni sababu tosha ya kufukuzwa nchini, na "sikujua" haisaidii mbele ya jaji wa uhamiaji.