Maonyesho saba au matatu? Hesabu ya ukuta wa chuo

Ratiba ya jumba la maonyesho la chuo ikianza kupangwa, ubishi wa kwanza huwa juu ya idadi. Wanaotaka maonyesho mengi huonekana wakarimu: kila msanii apate zamu, kila mwezi pawe na ufunguzi, kila mgeni akute kitu kipya. Wanaotaka machache, yenye kukaa muda mrefu, huambiwa ni wavivu, au kwamba wanataka kuwafungia mlango vijana ili wabaki na wasanii wawili watatu wanaowapenda. Lawama hii wamebebeshwa watu wengi bila kustahili. Ukikaa ukahesabu siku, unaona kwamba hao wanaoitwa wavivu mara nyingi ndio waliowahi kushika msasa na pima maji.

Tuchukue Makerere kwa mfano. Shule ya sanaa aliyoianzisha Margaret Trowell mwaka 1937 ndiyo iliyomlea mchongaji Gregory Maloba wa Kenya, akapita mchoraji Sam Ntiro kutoka Machame, akapita mchoraji Elimo Njau kutoka Marangu. Jumba lake la maonyesho lilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1960, enzi za Cecil Todd, aliyekuwa mkuu wa shule hiyo, na ndani yake zimehifadhiwa kazi za wanafunzi wa vizazi vingi. Muhula wa Makerere una wiki 17, 15 za masomo na 2 za mitihani. Mihula miwili ni wiki 34, sawa na siku 170 za kazi. Mengine yote ni kugawana siku hizo.

Asiyewahi kutundika maonyesho hudhani kwamba moja hufungwa Ijumaa na jingine hufunguliwa Jumatatu. Kazi ikifanywa inavyotakiwa, kati ya maonyesho na maonyesho kuna siku 8. Siku ya kwanza ni ya kushusha: kila picha inakaguliwa, inapigwa picha mbele, nyuma na kwenye pembe zote nne, kisha inalinganishwa na picha za siku ilipopokelewa. Ya pili ni ya kufunga na kurudisha kwa wenyewe. Ya tatu skrubu zinang'olewa na matundu yanazibwa kwa putti. Ya nne ni msasa, kufuta vumbi, na mkono wa kwanza wa rangi. Ya tano mkono wa pili. Ya sita ukuta unaachwa upumue, huku kazi mpya zikipangwa sakafuni juu ya vipande vya sponji, ziegemezwe na kuhamishwahamishwa mpaka mpangilio ukubalike. Ya saba ni ya kutundika. Ya nane ni ya taa, lebo na usafi.

Kutundika kwenyewe kuna hesabu yake, na anayebahatisha hutoboa ukuta mara mbili. Kitovu cha picha hukaa takriban sentimeta 150 kutoka sakafuni. Chukua 150, ongeza nusu ya kimo cha fremu, kisha toa umbali kati ya ukingo wa juu wa fremu na waya ukiwa umevutwa kama utakavyokuwa ukibeba uzito. Fremu ya kimo cha sentimeta 80, ambayo waya wake ukivutwa unafika sentimeta 10 chini ya ukingo, inataka ndoano kwenye sentimeta 180. Picha 30, kila moja na ndoano mbili ili isipinde, ni vipimo 60. Hiyo si kazi ya asubuhi moja.

Sasa gawanya. Maonyesho saba, kila moja na siku zake 8 za maandalizi, yanakula siku 56 kati ya 170. Theluthi moja ya mwaka wa masomo mlango umefungwa, na kinachoonekana kupitia dirishani ni ngazi na ndoo. Zinabaki siku 114, yaani kama siku 16 kwa kila onyesho. Maonyesho matatu yanakula siku 24. Zinabaki 146, karibu siku 48 kwa kila moja. Tofauti ni siku 32 za mlango kuwa wazi. Anayedai maonyesho saba kwa jina la uhai wa jumba anadai, bila kujua, wiki sita na zaidi za kufunga jumba hilohilo.

Hesabu hiyo inabanwa zaidi ukiiweka kwenye ratiba ya masomo. Mwalimu hukutana na darasa lake mara moja kwa wiki. Katika siku 16 ana vipindi vitatu. Cha kwanza kinapita kabla habari hazijaenea. Cha pili ana mada aliyoipanga tangu mwanzo wa muhula na hawezi kuihamisha. Cha tatu ni cha mwisho: wanafunzi wanazungushwa kwa saa moja, wanapiga picha kwa simu, wanaondoka. Katika siku 48 kuna vipindi tisa au zaidi. Mwanafunzi anaweza kuja kutazama, akarudi wiki ya tatu kunakili mpangilio wa rangi kwa penseli na rangi ya maji, akarudi tena wiki ya saba baada ya kujaribu karakanani na kushindwa, safari hii akiwa na swali analotaka ukuta umjibu. Jumba lililo ndani ya chuo lina faida hiyo juu ya majumba yote ya mjini: watazamaji wake wanapita mlangoni kila siku wakielekea darasani. Siku 16 zinaitupa faida hiyo.

Wapo watakaosema: punguzeni siku za maandalizi, fanyeni tatu. Inawezekana, na matokeo yake yanajulikana. Putti iliyojazwa kwa mara moja kwenye tundu refu hukauka juu, ndani ikabaki mbichi. Wiki mbili baadaye imebonyea, na taa ya pembeni inaonyesha kila shimo la onyesho lililopita. Rangi ya ukutani ya maji huonekana imekauka baada ya saa mbili, lakini hubaki laini kwa siku kadhaa, na msimu wa mvua za Kampala huzidi hapo. Fremu ikiegemea ukuta wa namna hiyo huganda, na siku ya kushusha inaondoka na kipande cha rangi. Vipande vidogo vya mpira kwenye pembe za chini za fremu husaidia, tena huacha hewa ipite nyuma ya picha, lakini haviponyi ukuta mbichi. Na kitu cha kwanza kurukwa pakiwa na haraka ni ule ukaguzi wa siku ya kwanza. Ufa ukionekana baadaye kwenye sanamu ya mti, hakuna anayeweza kuthibitisha kama sanamu ilikuja nao au iliupata jumbani, na msanii aliyerudishiwa kazi yenye ufa hatakopesha tena.

Upande wa pili una haki zake. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho ni wengi, na kwa baadhi yao ukuta wa chuo ndio ukuta wa kwanza wenye taa watakaotundika kazi. Kuwanyima ni dhuluma. Ila idadi ya maonyesho na idadi ya wasanii ni vitu viwili tofauti. Maonyesho saba ya msanii mmojammoja yanabeba watu saba. Onyesho moja la pamoja linabeba ishirini, mradi msimamizi awe na ujasiri wa kukataa msongamano. Ukuta wa mita 6 unabeba picha nne za upana wa mita 1 zikiachana kwa sentimeta 40, pamoja na nafasi hiyohiyo miishoni. Ya tano ikilazimishwa, nafasi zinashuka hadi chini ya sentimeta 17, na jicho halijui liishie wapi. Hoja nyingine, kwamba kubadilisha mara kwa mara huwafunza wanafunzi kazi ya kutundika, ingekuwa na nguvu kama wangepewa siku zote 8. Kwenye ratiba ya haraka huitwa siku ya mwisho kushikilia ngazi.

Hoja ya mwanga ndiyo nzito kuliko zote, nayo iko upande wa wanaotaka maonyesho mafupi. Kazi za karatasi, hasa za rangi ya maji na wino, hufifia kwa jumla ya mwanga zinaoupata, na kinachofifia hakirudi. Kwa vitu vinavyodhurika upesi zaidi, mwongozo wa kimataifa wa taa wa mwaka 2004 unapendekeza luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), na kwa mwaka mzima zisizidi saa-luksi 15,000, yaani luksi mara saa. Luksi 50 kwa saa 8 kwa siku 48 ni 19,200. Onyesho refu la karatasi za zamani linavuka mpaka huo hata taa zikiwa sahihi, na dirisha moja lisilo na pazia huingiza mwanga mara nyingi zaidi ya huo. Lakini dawa yake si kubomoa onyesho zima. Katikati ya muda, badilisha karatasi pekee: fremu zilezile, ndoano zilezile, siku moja ya kazi. Kila karatasi inapata siku 24, sawa na 9,600, kisha inapumzika gizani kwa miaka. Akiba kubwa ya kazi za wanafunzi wa zamani inaruhusu hilo, kwa sharti kwamba fremu zilitengenezwa kwa vipimo viwili vitatu tu tangu mwanzo.

Kukopa kazi nje ya nchi nako kunataka siku nyingi. Kuleta kazi za mmoja wa watoto wa shule hii aliyefanyia kazi Nairobi au Dar es Salaam ni sanduku la mbao lililotengenezwa kwa kipimo, karatasi za forodha za kuingiza kwa muda mpakani Busia au Mutukula, na gari la kwenda na kurudi. Gharama hiyo ni ileile onyesho likae siku 16 au 48. Jumba la Museum of Modern Art la New York lina picha ya Ntiro ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Mwanafunzi wa leo Kampala anastahili kukaa mbele ya kazi za kizazi hicho kwa muhula, na ratiba ya wiki tatu tatu haimwezeshi yeyote kulipia safari ya kazi hizo.

Kwa hiyo matatu: moja la akiba ya chuo kuanzia Agosti, moja la wahitimu, moja la kukopa. Ukuta mmoja mfupi karibu na mlango ubadilishwe kila wiki mbili kwa ajili ya wanafunzi wa miaka ya chini, kwa reli na nyaya zinazoning'inia ili pasihitajike kutoboa wala kupaka rangi. La wahitimu lisiachwe kwenye wiki za mitihani, ambapo mtahini wa nje hulizunguka na wenzao wako kwenye vitabu. Mahafali ya Makerere kwa kawaida huwa Januari au Februari. Wazazi wanakuja, muhula wa pili unaanza. Kazi zifunguliwe hapo. Tatizo la kweli ni kuzitunza miezi ile ya kati ya mitihani na mahafali: picha zisimame wima kwenye rafu zilizoinuliwa sentimeta 15 kutoka sakafuni, sanamu za mti zikaguliwe mchwa kila mwezi, na kila mhitimu asaini, kabla hajaondoka chuoni, karatasi inayosema kazi yake iko wapi, nani anaruhusiwa kuigusa, na ni lini atarudishiwa.